Umehamishwa kutoka kwa washambuliaji kwenda kwa mabeki? Anzia hapa

Siku yangu ya tatu kama kocha wa mabeki, straika wetu chipukizi alimgeuza beki wa kati ndani ya kumi na nane, akapiga chini kwenye kona ya goli. Nikajikuta nimeruka: "Safiii! Hiyo ndiyo!" Beki aliyegeuzwa, namba 5, mtu mzima aliyecheza ligi miaka mingi kuliko niliyofundisha, alifuta jasho kwa ncha ya jezi akaniuliza taratibu: "Samahani mwalimu, wewe sasa hivi unashangilia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshika washambuliaji misimu minne. Msaidizi aliyekuwa na mabeki aliondoka, kocha mkuu akanihamisha Jumatatu, na Jumanne niliingia uwanjani na filimbi ileile, macho yaleyale. Mwongozo huu ni kwa kocha msaidizi aliyekumbwa na hali kama hiyo kwenye timu ya mkoa, ya daraja la chini, ya shule au ya akademi, ambako benchi la ufundi lina watu watatu au wanne na yeyote anaweza kuambiwa leo shika upande wa pili. Nimeandika zaidi kwa anayetoka mbele kwenda nyuma, maana ndiyo njia niliyopita. Anayekwenda kinyume ana sehemu yake mwishoni.

Hatua ya 1: Kaa na kocha mkuu kabla hujaweka koni

Usikubali kazi kwa kutikisa kichwa kwenye korido. Omba nusu saa, nenda na daftari, uulize mambo manne. Mpira ukiwa kwa wapinzani katikati ya uwanja, mstari wetu wa nyuma usimame wapi? Namba 10 wao akishuka kuchukua mpira, beki wa kati amfuate au amwachie kiungo mkabaji? Kwenye kona tunakaba mtu au tunakaba eneo? La mwisho ndilo wengi tunaona aibu kuliuliza: dakika za mabeki mazoezini ni ngapi kwa wiki, na nani mwenye neno la mwisho juu yake?

Majibu yaandike mbele yake. Utayahitaji siku mmefungwa matatu na kila mtu anakumbuka maagizo kwa namna yake.

Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, kazi hizi zimegawanywa kabisa. Wachezaji wanaoshambulia siyo wanaolinda, na kila upande una makocha wake. Ndiyo maana kuhama kwao kunaonekana kwa macho. Mwaka 2011 Philadelphia Eagles walimchukua Juan Castillo, aliyekuwa amefundisha safu ya mbele ya upande wa ushambuliaji tangu 1998, wakamkabidhi ulinzi mzima. Siyo kwamba ulinzi ulikuwa mgeni kwake, alipokuwa mchezaji alicheza upande huo. Lakini wakati anateuliwa, klabu ilikuwa imeshamwajiri Jim Washburn kufundisha safu ya mbele ya ulinzi, na Washburn alikuja na mfumo wake. Juu ya hapo, mgogoro wa mkataba kati ya wamiliki wa klabu na wachezaji ukafunga milango ya klabu hadi mwishoni mwa Julai, hivyo muda wa kuwafundisha watu kabla ya msimu ukaliwa. Oktoba 2012, baada ya mechi sita za msimu wake wa pili, akaondolewa. Wengi walimcheka kwa kuhama upande. Mimi nikiitazama ile habari naona mtu aliyekosa muda, na chini yake akawa na mtu mwenye mfumo tofauti. Mambo hayo mawili unaweza kuyauliza siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Anza na mabeki uliokuwa ukiwapiga vita

Usijaribu kushika mabeki wote wanne, kiungo mkabaji na kipa wiki ya kwanza. Kama ulikuwa ukifundisha straika, anza na namba 4 na 5, mabeki wa kati. Kama ulikuwa na mawinga, anza na namba 2 na 3, mabeki wa pembeni. Unajua tayari kinachowaumiza, maana ulikuwa ukikipanga wewe.

Mike Tomlin, kocha mwingine wa mpira wa Kimarekani, alipita njia hii. Alicheza kama mpokeaji wa pasi chuoni, akaanza ukocha kwa kufundisha wapokeaji, na pale Arkansas State akahamia mwaka 1998 kwa wale wanaowakaba hao wapokeaji. Hakurukia ulinzi wote. Alikaa na kundi hilo moja miaka kadhaa, hadi Tampa Bay, ndipo 2006 akapewa ulinzi mzima wa Minnesota. Mwaka uliofuata akawa kocha mkuu wa Pittsburgh Steelers, na Februari 2009 akabeba Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi yao. Sisemi utabeba kombe. Nasema alihama kwa kuvuka barabara, akasimama mkabala na nyumba aliyokuwa akiishi.

Hatua ya 3: Badili unaposimama, ndipo macho yatabadilika

Kocha wa washambuliaji husimama pembeni ya kumi na nane, macho kwenye mpira na mguu wa mpigaji. Ukibaki hapo utaendelea kuona kazi ya washambuliaji. Nenda nyuma ya goli, au pembeni kwenye usawa wa mstari wa mabeki, pale anapokimbia mshika kibendera. Kutoka nyuma ya goli utaona upana, yaani nafasi kati ya namba 5 na namba 3. Kutoka pembeni utaona nani amebaki nyuma ya wenzake.

Kisha fanya zoezi hili mwenyewe, bila wachezaji. Nenda kaangalie mechi yoyote, hata ya mchangani, ukae juu kidogo kama kuna jukwaa. Kwa dakika 20 usiutazame mpira. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Shingo itageuka yenyewe watu wakipiga kelele. Tazama mabeki wanne wa timu moja tu. Kila mpira unapohamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, weka alama kwenye karatasi: wote wanne wamesogea pamoja, au kuna aliyechelewa? Mara nyingi utakuta anayechelewa ni yuleyule, na mara nyingi ni beki wa pembeni wa upande ambao mpira haupo. Anapumzika. Straika mjanja anajua anapumzika, na wewe ulikuwa ukimfundisha straika huyo.

Rudia mara tatu au nne kabla hujaanza kusahihisha mtu uwanjani.

Hatua ya 4: Geuza daftari lako la zamani

Hapa ndipo wewe uliyetoka mbele unapomzidi kocha aliyefundisha mabeki maisha yake yote, kwa hiyo usipite haraka. Chukua daftari la mazoezi ya washambuliaji. Kila kitu ulichowafundisha kufanya, andika upande wa pili wa ukurasa: beki angefanya nini nikakereka?

Langu lilitoka hivi. Niliwafundisha mastraika kusimama mgongoni mwa beki, pale asipoweza kuona mpira na mtu kwa wakati mmoja. Upande wa pili nikaandika: beki asimame ubavu, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, kifua kikiwa kimefunguka nusu kwa mpira na nusu kwa mtu, na kila sekunde mbili ageuze shingo. Beki aliyesimama miguu sambamba akitazama mpira ni zawadi. Straika akikimbia nyuma yake, yule beki anahitaji kugeuka kwanza, na kugeuka huko ni hatua mbili ambazo hazipati tena.

Niliwafundisha kugusa mpira wa kwanza kuelekea beki aliko ili apaniki na kuingiza mguu. Upande wa pili: usiingize mguu kama mwenzako hajafika. Chelewesha. Rudi naye hatua ndogondogo, ukimsukuma kwenye mguu wake dhaifu au kwenye mstari wa pembeni. Niliwafundisha pia kukimbilia mlingoti wa karibu halafu kurudi nyuma ghafla. Upande wa pili: beki asihesabu hatua za straika, ashike eneo kati ya mtu na goli, na mkono wake uhisi alipo bila kumvuta jezi.

Nilipata kurasa tisa. Nyingi kati yake sijazitumia bado, lakini zile tatu za kwanza zilifanya yule namba 5 aanze kunisikiliza. Nilimwambia, "Nilikuwa nawaambia vijana wakutafute wewe, kwa sababu unasimama miguu sambamba." Alicheka kwa hasira. Wiki iliyofuata alikuwa anasimama ubavu.

Hatua ya 5: Kubalianeni maneno matano

Washambuliaji wanaweza kucheza bila kuzungumza, macho yanatosha. Mabeki wakinyamaza mmeshafungwa. Kaa na kipa na mabeki, mchague maneno mafupi ambayo kila mtu atayaelewa vilevile. Sisi tulichagua "panda" (mstari usogee mbele), "shuka", "toka" (mmoja amfuate mwenye mpira), "nyuma yako" na "acha" (kipa anakuja kuuchukua). Matano yanatosha. Walikuwa wanatumia "toka" kwa maana mbili, kutoka kwenye mstari na kuondoa mpira hatarini, na ndiyo iliyotufunga goli moja la kijinga. Kuondoa mpira sasa ni "piga", likawa neno la sita. Sawa.

Amueni pia nani anaita. Kipa anaona wote, kwa hiyo "panda" na "shuka" ni zake au za namba 4, siyo za yeyote anayejisikia.

Hatua ya 6: Panga mazoezi yenye ushindi kwa mabeki

Kosa langu kubwa la mwezi wa kwanza lilikuwa kuchukua mazoezi ya kufunga magoli na kuwaambia mabeki wazuie. Kwenye mazoezi hayo straika akikosa mara tisa na kufunga mara moja, anatoka kifua mbele. Beki akizuia mara tisa, anatoka ameaibika. Mtu hawezi kuipenda kazi asiyoweza kuishinda.

Anza bila mpira. Mabeki wanne washike kamba ya manila mikononi, kati ya mtu na mtu mita 8 hadi 10. Wewe simama mbele yao unyooshe mkono kulia, kushoto, mbele, nyuma, nao wasogee kamba isilegee wala isivutike. Washike kwa mkono, usiwafunge kiunoni, mtu akijikwaa wote wataanguka. Dakika saba zinatosha. Watacheka, waache wacheke.

Kisha ingiza mpira: mabeki wanne na kipa dhidi ya washambuliaji sita, kwenye nusu uwanja. Weka magoli mawili madogo ya koni karibu na mstari wa kati. Mabeki wakinyang'anya mpira na kuupitisha kwenye goli dogo, pointi mbili. Wakiuondoa tu, pointi moja. Washambuliaji wakifunga, pointi mbili. Mchezo wa pointi kumi. Sasa mabeki wana kitu cha kukimbilia, na wewe una kitu cha kushangilia.

Ukipata wabishi wanaosema watu wachache hawawezi kuzuia wengi, wasimulie la Arrigo Sacchi, kocha wa Milan ya Italia mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyota wake wa mbele, Ruud Gullit na Marco van Basten, walikuwa na mashaka na mpangilio wake. Sacchi mwenyewe amesimulia kwamba aliwawekea watu watano, yaani kipa Galli na mabeki Tassotti, Costacurta, Baresi na Maldini, dhidi ya wachezaji kumi, dakika 15, kwa sharti kwamba watano wakinyang'anya mpira, kumi waanze upya kutoka nyuma ya mstari wa kati. Kumi hao hawakufunga. Milan hiyo ilibeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Wachezaji wangu waliniambia sisi hatuna Baresi. Nikawaambia na ninyi hamkabiliani na van Basten.

Usizidishe dakika 25 za mpangilio kwa siku. Beki aliyesimama sana anapoa, na aliyepoa anaacha kufikiri.

Kuhusu kuotea. Sheria inasema aliye sawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea, na imekuwa hivyo tangu 1990. Kwenye ligi zetu za chini hakuna video ya kumsaidia mwamuzi, na mshika kibendera ana jua usoni. Pandisha mstari ili kubana nafasi, lakini usijenge ulinzi wako juu ya kibendera cha mtu. Kisha wakumbushe vijana jambo wanalolisahau kila wiki: hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, kwenye kona, wala kwenye goli kiki. Nimeona mabeki watatu wakipanda kwa pamoja, mikono juu kama wanaomba mvua, huku straika akipokea mpira wa kurusha peke yake.

Hatua ya 7: Kona ipe siku yake

Mfumo wetu ulikuwa wa kuchanganya, na naupendekeza kwa timu isiyo na warefu wengi. Mmoja mlingoti wa karibu. Watatu kwenye mstari wa eneo dogo la kipa, mita 5.5 kutoka golini, wakishika eneo. Wanne wanakaba watu, na hao wachague mwenyewe kwa kulinganisha urefu na ujeuri. Mmoja ukingoni mwa kumi na nane kwa ajili ya mpira wa pili, mmoja mbele. Hao ni kumi, na kipa.

Kazi yako uliyetoka mbele ni kuwaonyesha watakavyochezewa. Siku hiyo vaa kizibao, ingia upande wa wanaopiga kona. Nilifanya hivyo nikaenda kumzibia njia mkabaji ili mwenzangu achomoke huru. Namba 4 aliponilalamikia nilimwambia Jumamosi utafanyiwa na mtu mwenye nusu ya umri wangu. Tukatafuta dawa: anayekaba asimame hatua moja mbali na msongamano, na watakaozibiwa wabadilishane watu kwa neno moja la kipa.

Mpinzani hukaa mita 9.15 kutoka robo ya duara la kona. Kwa kona fupi tuma mtu mmoja mapema, lakini asiwe kati ya wale watatu wa eneo.

Hatua ya 8: Washambuliaji wako wa zamani watakufuata

Watakuja kukuuliza wakiwa hawajafunga mechi tatu. Utataka kuwajibu, na jibu litakuwa sahihi. Usijibu. Sema, "Muulize mwalimu wako," halafu kama una neno, mpelekee mwalimu huyo pembeni, siyo mbele ya watu. Mkabidhi na daftari lako, nakala au picha za simu. Mimi nilichelewa wiki tatu kulitoa, kwa wivu tu, sina sababu nyingine.

Mnachotakiwa kukubaliana naye ni dakika. Straika ndiye mkabaji wa kwanza: asipoziba njia ya pasi kwenda kwa kiungo wao, mabeki wako watakimbia mchana kutwa. Ombeni dakika 15 za pamoja kila Alhamisi, yeye aongoze, wewe utaje unachotaka.

Hatua ya 9: Siku ya mechi

Mapumziko yana dakika 15, na kocha mkuu atazichukua karibu zote. Wewe jiandae kusema mambo mawili kwa mabeki, siyo sita. Moja la nafasi, moja la mtu. "Namba 3, ukichelewa kuingia ndani winga wao anapita. Namba 5, yule straika hutumia kushoto tu."

Mkifungwa, usianze na aliyepigwa chenga ya mwisho. Rudi nyuma pasi tatu. Andika nani alikuwa wapi pasi ya tatu kabla ya goli. Baada ya mechi tano au sita utaona magoli mnayofungwa yanazaliwa mahali pamoja au pawili, na hapo ndipo mazoezi ya wiki yanatoka. Yetu mengi yalikuwa yanaanzia kwa beki wa kulia aliyepanda bila mtu wa kumfunika, wala siyo kwa namba 5 ambaye jukwaa lilikuwa likimzomea.

Ukihamishwa kinyume, kutoka kwa mabeki kwenda mbele

Punguza filimbi. Kocha wa mabeki amezoea kusimamisha mchezo kila kosa, kwa sababu kosa moja nyuma ni goli. Mbele, kosa ni malighafi. Straika anayesimamishwa kila akipoteza mpira ataanza kupiga pasi za nyuma, na utampoteza. Acha dakika nne au tano zipite, ndipo useme.

Mpe mipira mingi kwenye goli la kawaida, mita 7.32 kwa 2.44, akiwa na beki wa kweli mgongoni, siyo koni. Wewe unajua beki huyo anaogopa nini. Mwambie straika hilo kabla ya zoezi, kwa sauti ya chini, halafu nenda usimame mbali umwache ajaribu mara kumi bila kumtazama usoni.